Mtumiaji akigeuza simu: ufunge skrini, uzuie mfumo, au uhifadhi kazi yake?

Mama mmoja, karani wa chama cha ushirika wa kahawa, alikuwa ameshika simu mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Alikuwa anamsajili mkulima: jina, namba ya kitambulisho, kijiji, kisha mashamba matatu, kila moja na ukubwa wake na alama zake za GPS. Alipofika kwenye picha ya shamba akailaza simu ili mibuni yote iingie. Alipoisimamisha tena, jina la mkulima lilikuwepo, kijiji kilikuwepo, mashamba yote matatu hayakuwepo. "Mwanangu," akaniambia, "hii simu imekula mashamba ya watu." Programu ile niliiandika mimi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba vitu vilipotea nusu. Skrini ikigeuka, Android kwa kawaida huibomoa Activity (kijenzi cha programu kinachobeba skrini moja) na kuijenga upya ili ipakie mpangilio unaofaa umbo jipya. Kila EditText, yaani kisanduku cha kuandikia, yenye `android:id` hujihifadhia maandishi yake bila kuombwa, ndiyo maana jina lilibaki. Orodha ya mashamba nilikuwa nimeiweka kwenye kigeu cha kawaida (jina la kushikia data kwenye kumbukumbu) ndani ya Activity, na Activity ilipokufa ikaenda nayo. Fomu iliyofutika yote mtu huiona palepale na kuanza upya. Iliyofutika nusu hutumwa hivyohivyo.

Zipo njia kadhaa za kuzuia hili, na watu hubishana kuzihusu kana kwamba zote zinafanya kazi moja. Hazifanyi kazi moja. Nitazipima kwa fomu hii hii ya mashamba, kwa sababu nimezijaribu zote juu yake.

Kufunga skrini ibaki wima

Hii ndiyo niliyoikimbilia. Unaandika `android:screenOrientation="portrait"` kwenye AndroidManifest.xml, faili la maelezo ya programu kwa mfumo, na umemaliza: simu hata ikigeuzwa, skrini haisogei. Haiongezi msimbo wowote, na mteja akiigeuza simu mbele yako hakuna kinachoharibika. Nilipata wiki mbili za amani.

Kisha malalamiko yakarudi, safari hii bila mtu yeyote kugeuza simu. Kugeuza ni sababu moja tu kati ya nyingi. Mtumiaji akibadili lugha ya simu, akikuza maandishi, au simu ikijigeuza yenyewe kuwa na mandhari meusi jioni ikifika, Activity hubomolewa vilevile. Na simu za makarani wengi zilikuwa na RAM ya GB 2. Ukifungua kamera kwenye simu kama hiyo, mfumo hutafuta nafasi, na programu iliyoachwa nyuma ndiyo inayouawa. Karani anapiga picha, anarudi, Android inaijenga programu upya, mashamba hayapo. Kwa kufunga skrini nilikuwa nimeiondoa hitilafu pale mezani kwangu, ambapo ningeiona kwa kugeuza mkono tu, nikaiacha kijijini.

Lipo na jambo la watu wenyewe. Miongozo ya WCAG 2.1 ya ufikivu kwa watu wenye ulemavu, iliyotoka Juni 2018, inataka kwenye kipengele 1.3.4 kwamba programu isimlazimishe mtu mwelekeo mmoja isipokuwa mwelekeo huo ni wa lazima kwa kazi yenyewe. Fikiria mtu ambaye simu au kishikwambi chake kimefungwa kwenye mkono wa kiti cha magurudumu. Kimelala, na hawezi kukisimamisha. Programu yako iliyofungwa wima anaisoma shingo ikiwa upande. Mifano ya ulazima inayotolewa huko ni kama programu ya kinanda cha muziki au kupiga picha hundi ya benki. Fomu ya usajili haimo.

Na njia yenyewe inazidi kuwa nyembamba. Kwenye Android 16, programu inayolenga API 36 (namba ya toleo hilo kwa wasanidi) ikifunguliwa kwenye skrini ambayo upande wake mfupi ni 600dp au zaidi (dp ni kipimo cha skrini kisichotegemea wingi wa pikseli), yaani vishikwambi na simu za kukunja zikiwa zimekunjuliwa, mfumo unalipuuza agizo lako la kufunga mwelekeo. Michezo imesamehewa. Wengine waliachiwa njia ya muda ya kuomba kusamehewa, na Google wametangaza kwamba haitakuwepo kwa programu zinazolenga API 37. Kwa hiyo hata aliyefunga skrini kwa nia njema atakutana na kugeuka siku mteja wake atakaponunua vishikwambi.

Kwangu mimi, njia hii inabaki na kazi chache: skrini moja ya kuskani, mchezo uliochorwa kwa umbo moja, kifaa kilichopigiliwa ukutani kwenye mapokezi. Nje ya hapo siichagui tena.

Kuuambia mfumo "niachie mimi"

Njia ya pili ni `android:configChanges`. Unaiorodheshea Android mabadiliko utakayoyashughulikia mwenyewe, nayo haiibomoi Activity. Inaita tu `onConfigurationChanged`. Vigeu vyako vyote vinabaki vilivyo. Anayeijaribu mara ya kwanza huona kama amepata dawa.

Mtego wake wa kwanza ni orodha yenyewe. Ukiandika `orientation` peke yake haitoshi. Tangu API 13 (Android 3.2) lazima uweke na `screenSize`, kwa sababu simu ikilala upana na urefu hubadilishana. Nimeona watu wakihangaika na hili siku nzima. Mtego wa pili ni kwamba ukiwa unatumia mipangilio ya XML na una faili la `layout-land`, yaani mpangilio wa simu iliyolala, halitapakiwa. Umesema utafanya mwenyewe, basi ufanye. Na ukisahau `uiMode`, inayohusu mandhari, mandhari meusi yataibomoa Activity kama kawaida na hitilafu ya zamani itarudi kwa mlango mwingine.

Lakini ina mahali pake halali kabisa. Kicheza video ni mfano mzuri: mtumiaji analaza simu ili aone picha kubwa, na kumkatisha, kuijenga skrini upya na kupakia video tena kwa bando lake ni kumwonea. Ramani na michezo nazo ni hivyo. Flutter na React Native, zana za kuandika programu moja kwa Android na iPhone, wameichagua njia hii kwa niaba yako: fungua manifesti ya mradi mpya na utaikuta orodha ndefu ya `configChanges` imeshaandikwa. Ndiyo maana rafiki zetu wa Flutter hutushangaa tunapolia juu ya kugeuza simu. Kwao wijeti huchorwa upya tu na hali yake inabaki. Hata wa iPhone hawalijui tatizo hili kwa sura hii, maana UIViewController, inayosimamia skrini huko, haibomolewi skrini ikigeuka, inaarifiwa tu ukubwa mpya kupitia `viewWillTransition`. Kwa Jetpack Compose, zana mpya ya Android ya kuchora skrini kwa msimbo, pia njia hii inaeleweka zaidi kuliko ilivyokuwa kwa XML, kwa kuwa Compose inaweza kujichora upya yenyewe ukubwa ukibadilika.

Ila programu ikiuawa nyuma, `configChanges` haina la kufanya. Na hilo ndilo lililokula mashamba mara ya pili. Mwandishi wa Flutter anayeamini amepona ajaribu kufungua kamera kwenye simu ya GB 2.

Kuhifadhi: hapa ndipo uamuzi ulipo

Njia mbili za juu zinapambana na kugeuka kwenyewe. Zinazofuata zinaacha skrini igeuke na kuuliza swali jingine: kipi katika kazi ya mtumiaji lazima kibaki, na kibaki baada ya kifo cha aina gani? Vifo viko vitatu. Activity kubomolewa na kujengwa palepale. Mfumo kuiua programu ikiwa nyuma. Na mtumiaji mwenyewe kuifuta kwenye orodha ya programu za karibuni, au simu kuzimika chaji. Kabla sijaeleza, hizi hapa zote pamoja, pamoja na zile mbili za mwanzo:

| Njia | Simu ikigeuzwa | Mfumo ukiua programu nyuma | Mtumiaji akiifuta, au simu ikizimika |
|---|---|---|---|
| Kufunga wima | Skrini haigeuki | Data inapotea | Inapotea |
| `configChanges` | Inabaki | Inapotea | Inapotea |
| `ViewModel` peke yake | Inabaki | Inapotea | Inapotea |
| `onSaveInstanceState`, `rememberSaveable`, `SavedStateHandle` | Inabaki | Inabaki | Inapotea |
| Room au DataStore | Inabaki | Inabaki | Inabaki |

Safu wima ya mfumo kuua programu nyuma ndiyo ya kutazama kwa makini. Waandishi wengi wa programu hujaribu ile ya kugeuza simu tu, wanaona "inabaki", wanapeleka sokoni.

`ViewModel` ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na sifa nyingi ni za haki. Zamani tulikuwa na `onRetainNonConfigurationInstance`, kisha ikaja hila ya Fragment (kipande cha skrini) isiyo na sura yenye `setRetainInstance`, na katikati yake AsyncTask (kazi inayoendeshwa kando) iliyoshikilia Activity iliyokwishakufa mpaka programu inaanguka. `ViewModel` ilitoka rasmi mwishoni mwa 2017 ikaondoa vurugu hiyo: kitu kinachoishi pembeni ya Activity, Activity mpya inakikuta kilekile. Thamani yake kubwa naiona kwenye kutuma. Karani akibonyeza "Tuma" mahali mtandao unasuasua, kisha simu ikageuka mkononi mwake, ombi lililoanzishwa ndani ya `viewModelScope` (kazi zinazoishi muda wote `ViewModel` iko hai) linaendelea na skrini mpya inaonyesha maendeleo yaleyale. Bila hivyo ombi lilikuwa linakatika au linatumwa mara mbili, na mkulima mmoja anakuwa wawili kwenye seva.

Masharti yake ni machache: usiweke ndani yake Activity, View wala Context ya Activity, maana utaizuia iliyokufa isiondoke kwenye kumbukumbu. Na usidhani ni hifadhi. Inakaa kwenye RAM ya programu. Programu ikiuawa, nayo imekwenda.

`onSaveInstanceState` ndiyo njia kongwe, na ndiyo niliyoidharau kwa muda mrefu kuliko zote. Unapewa Bundle, yaani kifurushi kidogo cha data, unaweka vitu vidogo, mfumo unavitunza nje ya programu yako na kukurudishia hata kama programu iliuawa. Kwenye Compose dada yake ni `rememberSaveable`. Ukiandika `remember` tupu, thamani inapotea Activity ikijengwa upya, na tofauti ya neno moja hilo imenigharimu jioni nzima. Ndani ya `ViewModel` unapata kitu hichohicho kupitia `SavedStateHandle`.

Neno zito hapo ni "vidogo". Bundle hupita kwenye Binder, njia ya Android ya kupitishia data kati ya programu na mfumo, ambayo bafa yake (nafasi ya kushikia data kwa muda) ni MB 1 na inagawanywa na mawasiliano yote ya programu yanayoendelea wakati huo. Ukiijaza, unapata `TransactionTooLargeException`, na tangu Android 7.0 hilo linaiangusha programu. Ushauri wa Android wenyewe ni kubaki chini ya KB 50. Picha ya megapikseli 12 ikifunguliwa kama Bitmap ya kawaida ni baiti 4 kwa kila pikseli, yaani karibu MB 48. Kwa hiyo picha haiingii humo kamwe. Kinachoingia ni Uri yake, yaani anwani ya faili.

Na Uri hiyo ina kisa chake, ambacho kwangu ndicho kilichokuwa kiini cha ugonjwa wote. Ukiita kamera kwa `TakePicture`, wewe ndiye unayetengeneza faili na kuipa kamera Uri ya kuandikia. Jibu linalorudi ni "ndiyo" au "hapana" tu. Kama Uri uliiweka kwenye kigeu cha kawaida na programu ikauawa wakati kamera iko mbele, programu mpya inapokea "ndiyo, picha imepigwa" na haijui iko wapi. Picha ipo kwenye simu, imekamilika, na hakuna anayeijua. Dawa yake ni kuiandika Uri kabla ya kufungua kamera:

```kotlin
class UsajiliViewModel(private val hali: SavedStateHandle) : ViewModel() {
    val pichaUri = hali.getStateFlow<Uri?>("picha_uri", null)

    fun kablaYaKamera(uri: Uri) {
        hali["picha_uri"] = uri
    }
}
```

Mistari michache hiyo ndiyo iliyorudisha picha za mashamba. Haihusiani na kugeuza simu hata kidogo, na nisingeifikia kama ningeendelea kuamini kwamba tatizo ni kugeuza simu.

Mwisho ni kuandika kwenye diski, kwa Room au DataStore, maktaba za Android za kuhifadhi data. Hii inashinda vifo vyote vitatu, na kwa fomu inayochukua dakika kumi kujaza sioni namna ya kuikwepa. Karani akishajaza shamba moja, liandikwe kama rasimu. Simu ikizimika chaji katikati, kesho anaendelea. Lakini inakuja na majukumu yake. Rasimu lazima ifutwe fomu ikishapokelewa na seva. Mtu akifungua programu na kuna rasimu, umwulize kama anaendelea nayo au anaanza mpya, usimrushie majina ya jana. Na simu nyingi za ofisini hupita mikono mitatu kwa siku: namba za vitambulisho vya watu zikibaki kwenye rasimu, anayefuata anazisoma. Hili la mwisho nawasihi wenzangu walichukulie kwa uzito kuliko nilivyolichukulia mimi mwanzoni.

Kugeuka na umbo ni mambo mawili

Data ikishakuwa salama, unabaki na swali la sura. Usiulize "simu imelala au imesimama?" Uliza dirisha lina upana gani. Mtu akigawa skrini mara mbili kwenye simu iliyosimama, dirisha lako linaweza kuwa pana kuliko urefu wake, na Android itakuambia ni mlalo wakati simu mkononi iko wima. Chini ya 600dp panga safu moja. Kuanzia 600dp unaweza kufikiria mbili. Kuanzia 840dp orodha ya wakulima na fomu vinakaa pamoja vizuri. Kwa fomu, kitu kingine kimoja tu: simu ikilala, kibodi inakula zaidi ya nusu ya skrini, kwa hiyo hakikisha fomu inasogezeka na kitufe cha "Tuma" kinafikika.

Ninachokichagua sasa

Kwa fomu fupi ya skrini moja, kama kuingia au kutafuta: `rememberSaveable` inatosha, usijichoshe. Kwa skrini inayoonyesha data kutoka kwenye seva: `ViewModel`, na kwenye `SavedStateHandle` uweke kitambulisho cha kilichofunguliwa na maneno ya utafutaji, si data yenyewe, maana hiyo utaiomba tena. Kwa fomu ndefu: `ViewModel` mbele, Room nyuma, Uri ya picha kwenye `SavedStateHandle`, na kutuma kukabidhiwe WorkManager, inayoendesha kazi hata programu ikifungwa, kwa sababu `viewModelScope` hukatika mtumiaji akiondoka kwenye skrini na mkulima aliyesajiliwa lazima afike kwenye seva hata saa tano usiku. Kwa video, ramani na mchezo: `configChanges`, ukijua unachukua mzigo gani.

Chochote utakachochagua, kipime kwa vifo vyote. Geuza simu katika kila hatua ya fomu, si mwisho tu. Badilisha mandhari na ukubwa wa maandishi ukiwa katikati. Kisha bonyeza kitufe cha nyumbani, kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu andika `adb shell am kill` ukifuatisha jina la kifurushi cha programu yako, na uirudie programu kupitia orodha ya programu za karibuni. Ile swichi ya kutohifadhi shughuli, iliyo kwenye chaguo za wasanidi programu, inasaidia lakini usiitegemee peke yake: inabomoa Activity bila kuua programu, kwa hiyo vigeu vya jumla hubaki na kukudanganya kwamba uko salama. Na kipimo cha mwisho kifanye kwenye simu ya GB 2, kamera ikiwa wazi, fomu ikiwa na mashamba matatu.